Homa Isiyoulizwa: Historia ya Leptospirosisi na Figo, Tukiitazama kutoka Goma

Katikati ya Julai 1994, katika muda wa siku chache tu, mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka kutoka Rwanda na kumiminika Goma. Walilala barabarani, mbele ya makanisa, kwenye mawe makali ya volkano ambayo hayachimbiki hata kwa ajili ya kaburi. Kambi zilizowapokea baadaye, Kibumba, Katale na Mugunga, zina majina ambayo wazee wa Kivu Kaskazini hawayataji bila kunyamaza kidogo. Kibumba hapakuwa na chanzo cha maji hata kimoja. Maji yalipelekwa huko kwa malori. Tarehe 20 Julai kipindupindu kilithibitishwa, na katika mwezi mmoja wa kwanza wakimbizi wapatao 50,000 walikuwa wamekufa.

Kipindupindu huua kwa kukausha mwili. Damu inapopungua maji, shinikizo lake hushuka, na figo, ambazo huishi kwa kupitisha damu nyingi kila dakika, husimama. Mgonjwa haendi haja ndogo tena. Akipata maji ya mishipa mapema, figo zilezile huamka na kufanya kazi kana kwamba hazikuguswa. Wahudumu waliokuwa Goma mwaka ule waliliona hilo maelfu ya mara: mtu aliyebebwa kama maiti asubuhi, jioni ameketi anaomba chakula. Figo inaweza kufa kwa muda na kufufuka, mradi mwenyewe awekwe hai wakati inapumzika.

Naanza na hayo kwa sababu ugonjwa ninaotaka kuusimulia hushika figo hizohizo, nao vilevile huachia akipatikana mtu wa kumsimamia mgonjwa kwa siku chache. Tofauti ni kwamba kipindupindu hujitangaza, na kila mama wa mtaa wa Birere hapa Goma anakitambua. Leptospirosisi, ambayo Tanzania huiita homa ya mgunda, huja ikiwa na sura ya malaria, ikaondoka na mgonjwa ikiwa na sura ya homa ya ini, na mara nyingi hakuna aliyeiuliza jina.

Aliyeieleza kwanza kwa utaratibu ni Adolf Weil, tabibu wa Heidelberg, Ujerumani, mwaka 1886. Aliona wanaume walioshikwa na homa ya ghafla, macho yakawa ya njano, wengu ukavimba, na mkojo wao ukaonyesha kwamba figo zimeumia. Hakujua chanzo, lakini aliona wazi kwamba manjano ya macho na maumivu ya figo ni mambo ya ugonjwa mmoja. Kwa miaka mingi baada yake watu waliendelea kuitazama rangi ya macho na kuusahau mkojo. Kosa hilo halijaisha.

Mwaka 1907 Mmarekani Arthur Stimson alichunguza kipande cha figo cha mtu aliyesemekana kufa kwa homa ya manjano huko New Orleans. Alikipaka rangi ya fedha, akakitazama kwa darubini, na ndani ya mirija ya figo akaviona vijidudu vyembamba vilivyojipinda ncha. Mtu yule hakuwa amekufa kwa homa ya manjano. Ugunduzi ule ulichapishwa, ukapita bila kelele.

Jibu lilitoka Japani. Katika kisiwa cha Kyushu wachimbaji wa makaa ya mawe walikuwa wakifa kwa homa yenye manjano na kutokwa damu. Ryokichi Inada na Yutaka Ido, madaktari wa Chuo Kikuu cha Kyushu, mjini Fukuoka, walichukua damu ya wagonjwa wakawachoma nayo simbilisi, wale wanyama wadogo ambao familia nyingi za Kivu huwafuga jikoni. Simbilisi waliugua vilevile, na ndani yao kikapatikana kijidudu chenyewe: bakteria mwembamba aliyejisokota kama uzi wa skrubu. Walitangaza habari hiyo mwaka 1915. Miaka miwili baadaye kundi hilohilo lilionyesha kwamba panya wa nyumbani hubeba bakteria hao katika figo na kuwamwaga kwa mkojo, ilhali panya mwenyewe hana homa wala udhaifu. Wachimbaji walikuwa wakisimama siku nzima ndani ya maji ya mgodini, miguu ina michubuko, na panya wanakojoa humo.

Msomaji wa Goma hahitaji kufafanuliwa picha hiyo. Masisi, huko Rubaya, maelfu ya vijana hushuka kila siku katika mashimo ya madini ya koltani, matope yakiwafika magotini, miguu mitupu. Kyushu ya mwaka 1915 na Rubaya ya leo zina kazi moja.

Wakati Inada anaandika, Ulaya ilikuwa vitani, na askari walioishi miezi ndani ya mahandaki yaliyojaa maji na panya walianza kuugua manjano. Upande wa Wajerumani na upande wa Waingereza waliugua vilevile. Daktari Adrian Stokes ndiye aliyewathibitisha wale wa jeshi la Uingereza huko Flanders. Na hapa historia inaingia Afrika kwa njia ya kuhuzunisha. Mjapani mwingine, Hideyo Noguchi wa Taasisi ya Rockefeller, New York, ndiye aliyewapa bakteria hao jina la Leptospira. Mwaka 1918 alikwenda Guayaquil, Ekuado, kutafuta chanzo cha homa ya manjano. Katika damu ya wagonjwa akaikuta Leptospira, akaamini amekipata. Amekipata kweli, ila cha ugonjwa mwingine: wale walikuwa wagonjwa wa Weil waliochanganywa na wa homa ya manjano, kwa kuwa macho yao yalifanana. Mwaka 1926 Max Theiler na Andrew Sellards walionyesha kwamba kijidudu cha Noguchi na kile cha ugonjwa wa Weil ni kimoja. Stokes alikwenda Lagos kuutafuta ukweli wa homa ya manjano, ikamuua Septemba 1927, baada ya yeye na wenzake kufanikiwa kuwaambukiza kima katika maabara. Noguchi alikwenda Accra kujitetea. Homa hiyohiyo ikamuua tarehe 21 Mei 1928. Wataalamu wawili waliotazama leptospirosisi ana kwa ana walikufa Afrika Magharibi wakiutafuta ugonjwa unaofanana nayo machoni. Ikiwa hao walihangaika kuzitenganisha homa mbili, muuguzi aliye peke yake katika kituo cha afya cha Kirotshe tumwonee huruma, kisha tumsaidie.

Kongo nayo imo katika historia hii, ingawa watu wake hawasimuliwi. Katika orodha ya kimataifa ya aina za Leptospira, ambayo ina mamia ya majina, kuna aina iitwayo Butembo. Kuna nyingine iitwayo Kambale, jina ambalo Wanande humpa mtoto wao wa pili wa kiume. Maabara za nchi za mbali, zinapopima damu ya mkulima wa huko, hadi leo huweka aina ya Butembo kati ya zile za kulinganishia. Jina la mji wa Kivu Kaskazini linasaidia kumtambua mgonjwa aliye bara jingine, wakati mgonjwa wa Butembo yenyewe, akipanda basi la Goma na macho ya njano, kwa kawaida atapimwa malaria, atapimwa taifoidi, na kupewa dawa za zote mbili.

Sasa tuingie ndani ya figo, maana hapo ndipo uhai wa mgonjwa unapoamuliwa.

Bakteria hupita kwenye mchubuko wa ngozi, au kwenye utando laini wa macho, pua na mdomo. Kwa kawaida siku 5 hadi 14 baadaye homa hulipuka: kichwa kinauma, misuli ya mapaja na ya nyuma ya mguu inauma hata kuguswa ni taabu, macho yanakuwa mekundu bila tongo. Wengi hupona hapo bila kujua walichougua. Kwa wachache bakteria husambaa kwenye ini, mapafu na figo. Ndani ya figo wanapenda mirija ya mwanzo, ile inayorudisha mwilini chumvi, sukari na maji vilivyochujwa kutoka kwenye damu. Mirija hiyo huvimba na kupoteza kazi yake. Ndiyo maana mwanzoni mgonjwa huyu huenda haja ndogo kama kawaida, au hata zaidi ya kawaida, huku figo zake zimekwisha kuharibika. Mkojo unatoka, lakini ni maji matupu na chumvi iliyopotea. Uchafu wa damu unabaki ndani.

Hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Tumezoea kudhani kwamba figo ikiharibika mkojo hukatika, na potasiamu hupanda hadi kuusimamisha moyo. Katika leptospirosisi ya mapema mkojo upo na potasiamu iko chini. Daktari anayelijua hilo huipata dalili ya thamani kubwa kuliko macho ya njano: mtu mwenye homa, kreatinini (kipimo cha uchafu ule wa damu) imepanda, potasiamu imeshuka, na bado anakojoa. Mkojo ukija kukatika baadaye, ni dalili kwamba hali imekuwa mbaya kweli, na hatari ya kifo imeongezeka. Mapafu yakianza kutoka damu ni mbaya zaidi. Katika taarifa nyingi za hospitali zaidi ya nusu ya wagonjwa wa namna hiyo hawakupona.

Hata hivyo figo hizi zina desturi ya kurudi. Mirija iliyoharibiwa hujijenga upya katika muda wa wiki chache, na wengi wa wanaonusurika hurudi kwenye kazi zao. Wapo ambao hawarudi kabisa: watafiti wa Taiwan wamegundua kwamba watu waliowahi kuambukizwa, hata bila kuugua sana, wana figo dhaifu zaidi miaka baadaye. Kwa hiyo aliyepona anastahili kupimwa tena, wala asiambiwe kwaheri langoni.

Kati ya kuharibika na kujijenga upya kuna pengo la siku saba, kumi, labda kumi na nne. Historia ya kuliziba pengo hilo nayo ilianza vitani. Huko Kampen, Uholanzi, chini ya jeshi la Wajerumani, daktari kijana Willem Kolff alitengeneza mashine ya kusafisha damu kwa kuizungusha ndani ya utando wa kufungia soseji. Wagonjwa wake wa kwanza karibu wote walikufa. Mwaka 1945 mama wa miaka 67, aliyekwisha kupoteza fahamu, alipitishwa kwenye mashine hiyo, akaamka. Figo zake zilipona zenyewe. Mashine ilimnunulia muda tu.

Kwa leptospirosisi muda huo umepimwa kwa idadi. São Paulo, Brazil, mji wenye mafuriko na panya wengi, madaktari walilinganisha wagonjwa mahututi waliosafishwa damu kwa kuchelewa na kwa kuruka siku, na wale walioanza mara tu walipofika na kuendelea kila siku. Katika kundi la kwanza walikufa 10 kati ya 15. Katika kundi la pili walikufa 3 kati ya 18. Taarifa hiyo ilitoka mwaka 2007. Ni watu wachache, lakini sijui jambo jingine katika ugonjwa huu linalosema kwa sauti kubwa kama hilo: tofauti ya makundi yale ilikuwa saa ya kuanza na kutoruka siku.

Na Goma je? Kikao kimoja cha mashine, cha saa nne, hutumia lita zipatazo 120 za maji yaliyosafishwa kupita kiasi. Kwa hesabu ya mjini kwetu ni bidoni sita za lita 20, kabla ya kuhesabu maji yanayopotea wakati wa kuyasafisha. Huu ni mji ambao volkano ya Mei 2021 ilipoharibu tangi na mabomba, watu wapatao 500,000 walikatikiwa maji. Mji ambao wakati wa vita vya Januari 2025 maji na umeme vilikatika kwa siku kadhaa, watu wakarudi ziwani na bidoni zao. Mashine ya damu haiwezi kusubiri umeme.

Lakini kuna njia nyingine, nayo imejaribiwa karibu nasi. Hospitali ya KCMC ya Moshi, Tanzania, ilianza mwaka 2009 kuwasafisha wagonjwa wa figo zilizofeli ghafla kwa kupitia tumboni: mrija laini huingizwa ndani ya tumbo, maji maalumu hujazwa, yakaachwa saa kadhaa yavute uchafu kupitia utando wa tumbo, kisha hutolewa. Njia hiyo haihitaji mashine wala umeme. Inahitaji usafi, mfuko wa maji na muuguzi aliyefundishwa. Ni kazi ya mikono, na mikono tunayo.

Moshi hiyohiyo ilitufundisha jambo zito zaidi. Kuanzia Septemba 2007 hadi Agosti 2008, watafiti walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi. Zaidi ya wagonjwa 500, yaani asilimia 60.7, walihesabiwa kuwa na malaria. Walipopimwa kwa makini, malaria ilikuwa imewalaza 14 tu. Wagonjwa 118 walikuwa na bakteria wanaotoka kwa wanyama, na 40 kati yao walikuwa na leptospirosisi. Magonjwa hayo ya wanyama hayakutajwa hata kidogo katika dhana za madaktari walipokuwa wakiwapokea. Hospitali zile ni nzuri, na madaktari wake si wazembe. Swali ndilo lililokosekana.

Kivu Kaskazini ilijifunza somo hilo kwa upande mwingine wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020. Katika mlipuko huo wote watu 2,287 walikufa. Maabara ya INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ilifika Goma, na mashine za kupima kwa haraka zikafungwa Beni, Butembo na kwingineko. Mwenye homa na damu puani alitengwa, akapimwa, akangoja. Kwa waliokuwa na Ebola, mfumo ule uliokoa wengi. Lakini mashine ile hujibu swali moja. Ikisema hapana, mtu anabaki na homa yake, macho yake ya njano na kreatinini ambayo hakuna aliyeipima. Tulijenga uwezo mkubwa wa kusema ugonjwa huu siyo, na uwezo mdogo sana wa kusema basi ni upi.

Tanzania ilipofikwa na jambo kama hilo, ilikwenda hatua moja mbele. Mapema Julai 2022 kituo cha afya cha Mbekenyera, wilaya ya Ruangwa mkoani Lindi, kilipokea watu wenye homa, maumivu ya kichwa, uchovu na damu zinazotoka puani. Hofu ilienea nchi nzima. Vipimo vya Ebola, Marburg na UVIKO vikatoka hasi. Hawakuishia hapo. Tarehe 18 Julai Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza kwamba ni homa ya mgunda: wagonjwa 20, na 3 kati yao wamefariki. Tangu siku ile wananchi wanaujua ugonjwa huo kwa jina lake, redio zimewaeleza habari za panya na maji yaliyotuama, na muuguzi wa kijijini ana ruhusa ya kuushuku. Jambo hilo halikuhitaji mitambo ya ajabu. Lilihitaji mtu wa kusema: kama siyo Ebola, tuendelee kutafuta.

Dunia nzima, kwa makadirio yaliyotolewa mwaka 2015, hupata wagonjwa zaidi ya milioni moja wa leptospirosisi kila mwaka, na vifo karibu 59,000. Mzigo mkubwa uko katika nchi za joto, kwa watu maskini wanaokanyaga maji kwa miguu mitupu. Goma ina watu hao: wachinjaji wanaoshika figo na mkojo wa ng'ombe wa Masisi bila glovu, wazoaji taka, wafua nguo wa ziwani, na familia zilizorundikana mjini kwa sababu ya vita, zikilala karibu na taka ambako panya hawakosi.

Kwa hiyo nawaambia waganga na wauguzi wa Goma, wa Sake, wa Rutshuru, ambao najua wanafanya kazi bila mshahara wa uhakika: mgonjwa wa homa ambaye kipimo cha malaria ni hasi, muulizeni kazi yake, maji yake na panya wake. Bonyezeni misuli ya miguu yake. Pimeni mkojo anaoutoa kwa siku, na kreatinini kama ipo. Mkishuku, msingoje jibu la maabara ya mbali: doksisaiklini kwa aliye na nguvu, penisilini au seftriaksoni ya mshipa kwa aliyelemewa, zinapatikana katika maduka ya dawa ya mji huu. Iwekeni kando diklofenaki, na jentamaisini pia, kwa sababu zote mbili huziumiza figo ambazo tayari ziko taabani. Mkojo ukipungua, msimrudishe nyumbani; mpelekeni hospitali kubwa siku ileile. Na kwa wanaopanga bajeti za afya, huku kwetu na Kinshasa: wafundisheni wauguzi kusafisha figo kwa njia ya tumbo, kama Moshi ilivyofanya. Itamfaa mgonjwa wa leptospirosisi, itamfaa wa kipindupindu, na itamfaa mama aliyetokwa damu nyingi wakati wa kujifungua.